Vikopo Arobaini na Sahihi Yangu

Mkuu wa idara alinipigia simu akaniomba niandike ukurasa mmoja wa ushauri kwa nyinyi mnaoanza mradi wa jenetiki muhula huu. Ukurasa mmoja! Nimefanya kazi kwenye maabara ile ya chuo zaidi ya miaka thelathini, halafu napewa ukurasa mmoja kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda kwao wikendi. Nimeamua nitaandika mpaka nichoke. Asiyetaka kusoma aache, lakini asije akanipigia simu siku otoklevu itakapokataa kufunguka.

Naitwa Igoki. Kwetu ni Embu, upande wa Runyenjes, lakini Meru ndiyo iliyonilea kikazi mpaka nikastaafu mwaka jana. Wanafunzi waliniita Madam Kufuli, wakidhani sijui. Nilijua tangu siku ya kwanza. Kila kabati mle ndani lilikuwa na kufuli, na funguo zote nilizivaa shingoni kwa utepe, hata kanisani niliwahi kwenda nazo kwa kusahau. Jina lenyewe nililipenda, ila sikuwaonyesha.

Sasa, mtakuta desturi moja pale. Siku ya kuharibu mimea, watu wawili husimama mezani na kuhesabu vikopo vya miche kwa sauti, kimoja kimoja, kama watoto wa nasari. Mtacheka. Kila kundi hucheka. Desturi hiyo haikutoka kwenye kitabu cha kanuni. Ilitoka shambani Kibirichia, siku ambayo msichana mmoja anayeitwa Kendi alikaribia kufukuzwa chuo kwa sababu yangu mimi. Nitawaambia yote, lakini kwanza nataka mjue aliyenifundisha kazi, msije mkadhani nilizaliwa na kufuli shingoni.

Alikuwa Mzee Nyaga, fundi mkuu wa maabara wakati nikiwa msichana mwembamba nisiyejua hata kuwasha taa ya spiriti. Siku hizo tulipima maziwa na maji tu. Sampuli tulivuta kwa mdomo, ndiyo, kwa mdomo, kwa mrija wa kioo, kama mtu anayekunywa soda. Siku moja Mzee akavuta maziwa yaliyokuwa yameharibika, yakapitiliza mpaka kooni. Alikohoa, akakunja uso, akaniambia, "Hii ni mbovu. Andika." Nikaandika. Hayo ndiyo yalikuwa majibu ya maabara!

Alilala nyumbani siku nne. Aliporudi alikuwa na mpira mdogo wa kuvutia sampuli, wa rangi nyekundu, akaniwekea mkononi.

"Igoki, kuanzia leo mdomo wako ni wa ugali na wa kuomba Mungu. Kazi nyingine usiupe."

Nyinyi hamvuti kwa mdomo, najua. Lakini nimewaona mkitafuna vifuniko vya kalamu. Nimewaona mkiweka simu juu ya meza ya bakteria, halafu inalia, mnaishika na glavu na kuibandika shavuni, "Haloo, mum!" Mum anasalimiwa pamoja na bakteria wake. Simu ikae kwenye begi, na begi likae nje. Nimemaliza.

Na koti jeupe haliendi nyumbani. Hili nalo mtabishana nalo, maana najua koti linapendeza. Tulikuwa na kijana mmoja, Kirimi, aliyependa sana kulivaa mjini. Siku moja akalivaa mpaka soko la Gakoromone akinunua ndizi. Mama mmoja wa kabichi akamshika mkono, "Daktari, asante Mungu umekuja, angalia hili goti." Kirimi badala ya kusema ukweli akainama kuangalia goti! Kabla hajasimama, wamama wanne walikuwa wamepanga foleni, mmoja ameshavua kiatu. Alirudi chuoni akitokwa na jasho, na ndizi hakununua. Nilimcheka mpaka nikakaa chini, kisha nikamuuliza ule mkono wa koti uliogusa kabichi za watu ulikuwa umegusa nini asubuhi. Tangu siku hiyo makoti yote yanatundikwa mlangoni, yanalowekwa na kufuliwa hapo hapo. Shikeni neno hilo la makoti, nitalirudia.

Mambo ya jenetiki yalipoletwa nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu. Watu waliuliza kama niliogopa. Sikuogopa hata kidogo. Nilikasirika tu, kwa sababu waliokuja kutufundisha walikuwa na umri wa watoto wangu na waliongea haraka haraka. Lakini nilikaa mbele, nikaandika, nikauliza mpaka wakanichoka. Ndani ya muhula mmoja nilikuwa naijua kazi kuliko wao, kwa maana wao walijua jeni nami nilijua maabara.

Mradi ulikuwa huu ambao nanyi mtaufanya. Unachukua mche mdogo wa kiazi, unautia jeni moja, na mche huo ukiumulika kwa taa ya buluu huku umevaa miwani ya rangi ya chungwa, unaona mizizi inang'aa kijani. Basi. Jeni hiyo haizuii ugonjwa wala haiongezi mavuno. Ni ya kufundishia. Na kando yake unakuza miche ya kawaida, isiyotiwa kitu, ili uwe na cha kulinganisha. Kwa macho ya kawaida, bila taa, ile inayong'aa na ile isiyong'aa huwezi kuitofautisha hata ukiwa umezaliwa katikati ya shamba la viazi.

Mtaniuliza, sasa kama kazi yake ni kung'aa tu, kwa nini tunaifungia kama mfungwa? Kwa sababu kibali chetu kinasema itabaki ndani ya chumba kile. Hakuna aliyeipima ikiwa shambani, na hakuna aliyewauliza watu wa huko nje kama wanaitaka. Kiazi nacho hakikai pale ulipokiweka. Kimoja kinakuwa kumi, kumi vinagawiwa majirani, na ukizubaa kiko sokoni. Ndiyo maana mradi ukiisha kila kitu kinapikwa, miche, udongo, vikopo, vijiti vya alama, vyote, na mche wa kawaida unapikwa pamoja na ule uliotiwa jeni kwa sababu vimekaa meza moja.

Kuhusu kupika, nisikilizeni vizuri. Otoklevu ni sufuria kubwa la presha, hakuna uchawi. Ule utepe unaobadilika rangi juu ya mfuko unakwambia moto umefika nje ya mfuko. Haukwambii katikati kumeiva. Aliyewahi kupika githeri ya watu wengi anaelewa, juu maharagwe yamelainika na katikati kuna mahindi ya kuvunja meno. Kwa hiyo msishindilie mifuko, acheni hewa ipite, na maji ya jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo, ya kufutia meza yachanganywe upya kila asubuhi, kwa maana ya jana yameshachoka. Na alama zote andikeni kwa penseli. Kalamu ya wino inatoka kwa spiriti na inatoka kwa jiki, lakini penseli inabaki. Hilo la penseli nililisema miaka yote, na bado kuna siku moja niliacha watoto watumie kalamu ya wino kwa sababu iliandika vizuri zaidi.

Basi tufike kwa Kendi.

Kendi alikuwa msichana mpole kutoka Kibirichia, kule juu kwenye viazi, wa kwanza kwao kufika chuo. Mikono yake ilikuwa mizuri sana kwa kazi. Wengine wakikata miche mitano yeye alikata kumi na tano na hakuna hata mmoja uliooza. Nilimpenda, ingawa nilimgombeza kama wengine. Nilijua pia kwamba shamba la mama yake lilikuwa limeingiwa na mnyauko, ule ugonjwa unaomaliza kiazi kikiwa bado kijani. Mnyauko ukiingia, udongo wenyewe umeharibika na mbegu uliyoweka si mbegu tena. Watu wa kule hutafuta mbegu safi kama watu wengine wanavyotafuta kazi.

Siku ya kuharibu mimea ilifika, Ijumaa ya mwisho wa muhula. Maji yalikuwa yamekatika tangu asubuhi. Otoklevu haifanyi kazi bila maji, kwa hiyo nilibeba mitungi kutoka tangi la chini, ngazi mbili, na miguu yangu hii. Nilikuwa nimechoka na nina hasira na kila mtu. Kendi na wenzake wawili walifunga mifuko, wakaipanga.

"Vingapi?" nikauliza.

"Arobaini, Madam," akasema Kendi.

Kitabu cha uharibifu kina nafasi mbili, ya aliyefunga na ya aliyehesabu. Kendi akatia sahihi ya kwanza. Mimi nikaandika arobaini, nikatia sahihi ya pili. Sikuhesabu. Niliangalia mifuko kwa macho, nikaona imejaa, nikawasha otoklevu. Vikopo vilivyokuwa ndani vilikuwa thelathini na saba.

Likizo ndefu ikapita. Wiki ya kufungua chuo tukafua makoti. Mfuaji wetu, Baba Mwiti, ana tabia ya kuloweka kwa jiki kwanza halafu ndipo apekue mifuko, nimemsema mpaka nimechoka. Akaja na vijiti vitatu vya plastiki kiganjani.

"Madam, hizi zilikuwa kwa koti ya Kendi. Nitupe?"

Vilikuwa vijiti vya alama, vile vinavyochomekwa kwenye kikopo. Vilipaswa kuwa vimepikwa miezi mitatu iliyopita pamoja na vikopo vyake. Nikavigeuza nisome kama viliandikwa K, ya kawaida, au J, ya jeni. Jiki ilikuwa imefuta wino wote. Vilikuwa vyeupe kabisa.

Nikamwita Kendi, nikafunga mlango, nikaweka vile vijiti mezani. Hakusubiri hata swali.

"Aki Madam, nilichukua za K. Zile za kawaida. Naapa."

"Ulizipeleka wapi?"

"Kwa mum. Madam, si hizo ni safi? Hazina mnyauko. Wewe mwenyewe ulituambia zimekuzwa safi. Na tulikuwa tunaenda kuzichoma tu." Akaanza kulia. "Madam, kwetu hakuna mbegu. Ningewezaje kuangalia mbegu safi ikiingia kwa moto?"

Nilitaka kumpigia kelele, nikaacha. Mtoto wa mkulima ameshika miche mitatu mizuri, safi, ya kijani, na ameambiwa aipike. Mtu wa Nairobi hangefanya kosa hilo, angeitupa bila kugeuka nyuma. Kosa lile lilihitaji mtu aliyelelewa na viazi. Hata hivyo nilimwambia ukweli. "Wino umefutika, Kendi, na kijiti huweza kuchomekwa kikopo kisicho chake. Hujui ulichochukua, na mimi sijui. Na hata kama ni K, zilikaa meza moja na nyingine. Zinarudi."

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo naona aibu. Nilishika simu kwa muda mrefu kabla ya kumpigia mkuu wa idara. Shetani aliniambia niende kimya kimya, nizirudishe, nizipike, nistaafu salama. Nilikataa. Nilipiga. Lakini nilisema nusu.

"Kuna vikopo vitatu vilitoka nje," nikasema. "Ni Kendi alivichukua."

"Ameiba?" akauliza mkuu. "Huyo hatabaki hapa. Kamati itakaa Jumatatu. Chukua gari, mwende leo, kila kitu kirudi."

Nikasema sawa. Sikusema lolote kuhusu kitabu wala sahihi yangu. Nikachukua taa ya buluu, miwani, mifuko minene, jembe dogo, na blanketi la chumba cha huduma ya kwanza, tukaondoka. Njia nzima Kendi alikuwa akipangusa macho, nami nikiangalia nje kana kwamba sijawahi kuona kabichi.

Mama Kendi alitupokea kwa furaha iliyoniumiza. "Muga, Madam! Muga! Ndiyo wewe Madam Kufuli?" Kumbe hata Kibirichia jina lilifika. Akataka tunywe chai kwanza. Unakataaje chai ya mtu? Tukanywa. Alipokuwa akitumiminia kikombe cha pili akasema anataka kunishukuru kwa zile mbegu ambazo chuo kilimpa, na Kendi akaweka kikombe chini, akamwambia kila kitu kwa Kimeru, huku ameinamisha kichwa. Mimi ni mtu wa Embu, Kimeru naelewa karibu chote. Nilisikia pia alichojibiwa, na sitakiandika.

Mama Kendi akasimama. "Njoo uone unachotaka kung'oa."

Miche ile aliipanda nyuma ya jikoni, kwenye udongo mpya alioubeba mwenyewe kutoka ukingo wa msitu, mbali na shamba lililougua. Aliizungushia uzio wa vijiti kuku wasifike. Mashina mawili yalikuwa yamesimama, yamenona, majani kama yale sijawahi kuona. La tatu alikuwa ameling'oa wiki ile.

Nikachimba pembeni ya mizizi taratibu, nikapiga magoti kwenye matope, nikajifunika blanketi kichwani kuzuia mwanga, nikavaa miwani, nikawasha taa. Nasikia majirani wanakusanyika kwenye ua. Mmoja akauliza, "Huyo mama anaombea waru?" Mwingine akajibu, "Ni wa kanisa gani?" Mchana mweupe, mtu mzima wa kustaafu, chini ya blanketi katikati ya waru, yaani viazi. Chekeni, mimi pia siku hizi nacheka.

Shina la kwanza mizizi ilikuwa myeusi tu kwenye taa. La pili nikaona kijani. Nyuzi nyembamba, kijani safi kabisa, zimetambaa kwenye udongo. Nilizima taa nikakaa humo humo kwa muda kidogo, sikutaka kutoka.

"Mama Kendi," nikamwita. "Njoo uone mwenyewe."

Akaingia chini ya blanketi, tukabanana mabega, nikampa miwani. Niliwasha. Alinyoosha kidole akaugusa mzizi, polepole.

"Hii ndiyo imekuwa kwangu?"

"Ndiyo."

"Na nyinyi mlijua mnayo moja inayowaka hivi."

"Tulijua, mama."

"Sasa, Madam, nikuulize." Sauti yake haikuwa ya hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mtoto amekosa, nitamwambia mimi mwenyewe. Lakini huko kwenu kitu kama hiki kinatoka hivi hivi tu? Hakuna mtu anahesabu?"

"Yuko."

"Ni nani alikuwa ahesabu?"

Kendi alikuwa amesimama nje ya blanketi, hatua moja. Alijua. Alikuwepo siku ile. Njia nzima hakuwa amenitaja, na nina hakika hata mbele ya kamati hangenitaja. Nilivuta blanketi tukatoka mwangani, nikamwangalia mama yake usoni.

"Ni mimi. Aliniambia arobaini, nikaandika arobaini. Nilitia sahihi bila kuhesabu. Na nilipomwambia mkubwa wangu asubuhi, hilo nililificha."

Mama Kendi alinitazama kutoka viatu mpaka kichwani, kisha akafunga leso kiunoni. "Basi leo tutahesabu," akasema.

Na tulihesabu! Shina lile la tatu lilikuwa limetoa viazi vidogo tisa. Kwa watu wa kule mbegu mpya haikai kwa mtu mmoja. Ukipata, unampelekea jirani ambaye shamba lake limekufa, na yeye mwaka mwingine atakukumbuka. Mama Kendi alikuwa amebaki na viwili kwenye kikapu, saba ameshampelekea Mama Mutwiri, ng'ambo ya barabara. Tukaenda. Mama Kendi akaingia mbele, akaeleza kwa maneno machache, akanyoosha kiganja.

"Saba nilikupa, saba virudi."

Mama Mutwiri alilalamika, na alikuwa na haki ya kulalamika, lakini alileta bakuli. Mama Kendi akavitoa kimoja kimoja akihesabu kwa sauti ya kusikika barabarani. "Kimoja. Viwili. Vitatu." Alifika sita, bakuli likawa tupu.

Woi, watoto wangu! Tulipekua jikoni, chini ya kuni, kwenye gunia la maharagwe, mpaka kwenye maganda ya kulisha mbuzi. Kendi alitambaa chini ya kitanda akatoka na utando wa buibui kichwani. Mimi nilishaanza kuiona Jumatatu, msichana huyu anapanga nguo zake kwenye begi. Kisha Mama Mutwiri akapiga kofi, "Ngai! Ile ya kuonyesha!" Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni iliyotundikwa mlangoni, akatoa cha saba. Alikuwa amekibeba kwenda kuwaonyesha wamama wa kanisa mbegu nzuri inafanana vipi. Kilikuwa bado na udongo wake.

"Saba," akasema Mama Kendi, akakiweka kiganjani mwangu na kunifunga vidole.

Tulichimba mashina yote mawili pamoja na udongo wake, viazi vyote, majani yote, tukaweka mfuko ndani ya mfuko. Kila kitu kilihesabiwa mara mbili, na Mama Kendi ndiye aliyekuwa anasema namba. Nilipika vyote siku hiyo hiyo. Kwa misimu miwili iliyofuata nilirudi Kibirichia kila mwezi kuangalia kama kuna kichipukizi kilichobaki kwenye lile shimo. Kilitokea kimoja tu, nacho nikaking'oa.

Jumatatu niliingia kwenye kamati na kitabu kikwapani. Mkuu wa idara alianza na habari za wizi. Nikamwomba nafasi, nikafungua ukurasa, nikawasomea mstari ule kwa sauti, na jina langu pembeni. Nikawaambia kanuni inataka watu wawili kwenye kitabu, kwamba mtoto wa miaka ishirini aliteleza kwa sababu ya njaa ya mbegu, na kwamba mimi, mwenye funguo zote shingoni, niliteleza kwa sababu ya uvivu, kisha nikamwacha abebe peke yake. Nikasema kama kuna wa kufukuzwa, waanze na mimi. Mmoja wao akauliza kama najua ninachosema. Nikamwambia sijawahi kujua vizuri kama siku hiyo.

Maabara ilifungwa muhula mzima. Wakubwa wa serikali wanaosimamia mambo hayo walikuja, wakapekua kila kabati. Mimi nilipewa barua kali, ninayo hadi leo kwenye kabati la vyombo. Kendi alikaa nyumbani muhula mmoja, akarudi, akamaliza. Siku hizi anakuza mbegu safi za viazi, zisizotiwa jeni yoyote, kwenye nyumba yenye mlango wake na vibali vyake. Mbegu za kwanza alizopelekea wakulima wa Kibirichia, mama yake alisimama kwenye lori akizihesabu kwa sauti, na dereva akadhani ana wazimu.

Kwa hiyo mkisimama mezani na vikopo vyenu, hesabuni. Mtu akiwaambia namba, hata kama mnampenda, hata kama maji yamekatika na miguu inauma, hesabuni tena.

Na kitabu bado kipo, rafu ya juu, mkono wa kushoto wa otoklevu. Kifungueni. Mtaona mahali nilipokata arobaini kwa mstari mmoja ili isomeke, na chini yake, kwa penseli, nikaandika thelathini na saba. Jina langu liko hapo mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimehesabu.